Kumfuata Mpima Vichwa hadi Bweranyange

Ma Leonsia aliniuliza kisimani, Ma Yustina akaniuliza tukitoka misa, na Verediana mke wa katekista alinifuata mpaka kibanjani nikiwa nakata majani makavu ya migomba. Wote mnataka kujua: yule mtu anayepima vichwa vya watoto wa shule nilimkuta au sikumkuta, na alimfanyia Editha nini. Nimechoka kuhadithia vipande vipande, huyu nikimpa mwanzo, yule nikimpa mwisho. Haya, naandika yote mara moja, mtapokezana.

Kwanza sababu, maana wengine mmeisikia vibaya. Editha, mtoto wa binti yangu Adelina, alikuwa darasa la kwanza kwa mwaka wa tatu. Jumatatu asubuhi Mwalimu Anatoli, yule mwalimu mkuu, aliniita ofisini. Hakunifokea, nimpe haki yake. Alisema mtoto hajibu. Akiulizwa anatazama miguu yake mpaka swali linampita. Ijumaa alasiri shule inafungwa, naye atasoma mbele ya wazazi majina ya wanaoendelea mwakani, na jina la Editha halitakuwamo. Madawati hayatoshi na wapo wengine wanaongoja nafasi. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe, kwamba yuko mama mmoja wa elimu anayezunguka kwenye shule za serikali akipima akili za watoto, na wiki hii yuko Nyabiyonza. Shule yetu haimo katika njia yake. Lakini mama huyo akiandika barua kwamba mtoto anafundishika, yeye Anatoli ataisoma.

Mimi niliishia darasa la pili. Adelina hakusoma kabisa, na kosa hilo ni langu pamoja na marehemu mume wangu Protazi. Nilitaka mmoja katika nyumba yetu afike mbali kuliko mimi. Nikafunga ndizi za kuchoma, maharage na chumvi, nikamshika Editha mkono, tukatoka siku ileile.

Bugomora hadi Kaisho, kwa miguu

Tulikuwa bado hatujatoka vizuri kwetu Bugomora tulipopatana na Bernardo, Mrundi anayelima vibarua kwenye kahawa za watu. Alikuwa anasukuma baiskeli yenye mikungu mitatu, akatuambia tuweke na mzigo wetu juu. Aliuliza tunakwenda wapi. Nilipomweleza alisimamisha baiskeli kabisa.

Alikuwa amesikia habari za huyo mama. Alisema anatembea na pete kubwa ya chuma, anamvika mtoto kichwani. Pete ikikaa vizuri mtoto anarudi darasani. Ikimpwaya na kushuka mpaka masikioni, basi, anaandikiwa kwenda Bukoba. Bukoba kufanya nini, hakujua. Editha alishika kichwa chake kwa mikono miwili na akatembea hivyo mpaka njia panda.

Nilimcheka Bernardo, nikamwambia ni uongo wa vilabuni. Naye hakukasirika. Alisema, "Mama, mimi sijasema ni kweli. Nimesema nimesikia. Lakini ungekuwa mjukuu wangu ningemfunga kitambaa kinene."

Tulipoachana naye tukatembea kidogo. Kisha nikakaa kando ya njia, nikatoa kitenge changu cha zamani, nikamfunga Editha kichwani mizunguko minne. Msinicheke. Ningekuwa na vitenge viwili ningemfunga vyote.

Kaisho tulilala kwa binamu yangu Deonisia. Asubuhi senene walikuwa wameanguka wengi, watu wazima na watoto wamejaa kwenye nyasi za uwanja wa kanisa wakiwaokota, hakuna aliyekuwa na haraka ya jambo lingine. Hata dereva wa lori la kahawa niliyekuwa namtafuta nilimkuta ameinama huko, ameshika kopo. Ilinibidi niiname naye nimsaidie ili tuondoke. Tuliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi yangu, tukala tukiwa tumesimama.

Kaisho hadi Nkwenda, kwa lori

Dereva anaitwa Sadiki, mtu wa Kamachumu, Mwislamu mwenye utani usiokwisha. Alitupandisha mbele, tukabanana na gunia la mbegu. Alimwangalia Editha na kilemba chake akauliza kama tunakwenda kuolewa. Nilipomweleza safari yetu akabadilika, akawa mwalimu. Alisema hao watu wa elimu anawafahamu, huwa wanauliza mambo ya serikali. Basi njia nzima ikawa ni mtihani. Makao makuu ya nchi? Editha kimya. Mlima mrefu? Kimya. Mto wetu huu unaitwaje? Kimya, na mto tunauona. Mimi nikawa namjibia.

Sadiki akasema, "Bibi, wewe ndiye wa kupelekwa. Huyu mwache kwangu awe utingo."

Bondeni lori likazama. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeingia kwenye tope mpaka katikati, na jembe la Sadiki lilikuwa limeibiwa. Akamwonyesha Editha nyumba juu ya kilima, akamwambia akaombe jembe. Mtoto alipanda. Alirudi na jembe, na nyuma yake mwenye nyumba, na nyuma yake kaka wawili wa mwenye nyumba na majani ya mgomba ya kutandika chini ya gurudumu. Sadiki alimwuliza yule bwana amejuaje kuwa tunahitaji majani. Akasema mtoto alimweleza ni gurudumu lipi, limezama kiasi gani, na kwamba dereva ana hasira ila si mtu mbaya. Sadiki alicheka mpaka akaegemea mlango. Mimi nilikuwa nafikiria Ijumaa, sikulitilia maanani.

Tulipoachana Nkwenda ilikuwa jioni ya Jumanne. Sadiki alisema Ijumaa alfajiri atapita hapohapo akirudi na lori tupu, hatamngoja mtu.

Nkwenda, kwa Ma Leokadia

Mvua ilitukuta kwenye baraza la mwanamke tusiyemjua, Leokadia, mjane, Mlutheri, mwenye nyumba iliyotandikwa nyasi safi kiasi kwamba nilivua viatu nje. Alitukaribisha kwa maharage yaliyopondwa na ndizi. Alikuwa anamtazama Editha kwa huruma kubwa, anamwongezea chakula, anamshika paji la uso. Nikashangaa. Baadaye kidogo akaniuliza kwa sauti ya chini ugonjwa wa kichwa ulimwanza lini. Kumbe alivyoona kile kilemba alidhani mtoto ana kidonda.

Nilipomweleza ukweli alifikiri sana, kisha akanipa ushauri wake. Mtu mgeni, mkubwa, msomi, akikuuliza, usikurupuke. Mtoto anayemjibu mkubwa harakaharaka anaonekana hakulelewa. Atulie, ainamishe macho, na huyo msomi ataona adabu yake.

Nililiona ni neno la maana, maana ndivyo nilivyolelewa mimi. Usiku ule kabla ya kulala nilimwambia Editha vivyo hivyo, nikamrudia maneno hayo mara mbili.

Nyabiyonza, tumechelewa

Jumatano tulitembea tangu umande. Tulifika shuleni Nyabiyonza jua limeshapita utosini. Mpishi wa pale, Fulgensi, alikuwa anasugua sufuria. Nikamwuliza mama wa elimu yuko darasa lipi. Akasema ameondoka asubuhi, amekwenda Bweranyange, gari la wilaya limeharibika kwa hiyo amekwenda kwa miguu na sanduku lake limefungwa kwenye baiskeli ya katekista.

Nilikaa chini palepale kwenye majivu. Fulgensi akatuletea uji. Nilimwuliza huyo mama ni mtu wa namna gani, ana pete ya chuma au hana. Akasema pete hakuiona. Alichokiona ni kwamba anakaa chini na watoto kwenye vumbi, na anauliza sana. Aliingia hata jikoni, akamwuliza Fulgensi anajuaje uji umeiva bila saa. Fulgensi alikuwa bado analifikiria swali hilo. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwuliza.

Tukanywa uji, tukaondoka. Tulifika Bweranyange jua linazama, Editha anatembea huku amelala.

Bweranyange

Alhamisi asubuhi nilimwona. Ni mwanamke mfupi, anaitwa Bi. Tumsifu, Mpare wa Usangi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Nikampa shikamoo ingawa mimi ni mkubwa kwake, kwa woga tu. Naye akakataa kuipokea, akaniamkia yeye. Kitu cha kwanza alichouliza ni kilemba. Nikamweleza habari ya pete. Hakucheka. Aliiandika kwenye daftari lake, kisha akaomba ruhusa akifungue kilemba mwenyewe, polepole, akamwonyesha Editha mikono yake mitupu.

Akamchukua darasani. Mimi nikasimama kwenye dirisha. Alitoa kadi zenye picha kutoka kwenye sanduku la mbao. Akainua ya ng'ombe, akamwuliza hiki ni nini. Editha akainamisha macho. Akainua ya jogoo. Macho chini. Nyumba, chungu, mgomba. Mgomba! Mtoto aliyezaliwa chini ya migomba. Akampa vipande vya mbao avipange, Editha akaweka mikono nyuma, maana si vyake. Nilitaka kupiga kelele dirishani. Nikakumbuka Ma Leokadia, nikajishika mdomo.

Bi. Tumsifu akatoka, akaja kukaa na mimi kwenye gogo.

"Mama, sitakudanganya," alisema. "Nimemwonyesha kadi zote. Hakujibu hata moja."

"Umemwuliza nini?"

"Mambo madogo tu. Nimemwonyesha ng'ombe, nikamwuliza ni nini."

"Kwani wewe humjui ng'ombe?"

Akacheka. Aliponiona mimi sicheki, akaacha. Nilikuwa nauliza kweli. Nilikuwa nimesimama dirishani nikishangaa, msomi mzima ameshika ng'ombe mkononi anamwuliza mtoto ni nini. Nikamwambia kwetu mtu mzima akimwuliza mtoto kitu ambacho mwenyewe anakiona, mtoto anajua anategwa, au anataniwa. Anyamaze. Na mimi nilikuwa nimemfunza hivyo tena juzi usiku, Nkwenda.

Aliitazama tena kadi ya ng'ombe. Kisha akaniuliza, "Sasa ninyi hapa, mtoto mwenye akili mnamjuaje?"

"Tunamtuma."

"Mnamtuma wapi?"

"Popote. Unamtuma na maneno, arudi na maneno. Mtoto mwenye akili anatumika. Asiye nayo anarudi na nusu, au anarudi na ya kwake."

Nikamsimulia habari ya lori na jembe. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoisikia vizuri, nikiisema. Bi. Tumsifu alifunga kadi zake zote kwenye sanduku.

Alimwita Editha. Bi. Tumsifu alikuwa amefikia kwenye nyumba karibu na kanisa, na jirani yake wa ng'ambo ya chemchemi alikuwa mwanamke anaitwa Eustadia, asiyejua Kiswahili vizuri, naye Bi. Tumsifu hajui Kinyambo chetu hata kidogo. Akamwambia Editha aende kwa Eustadia, nyumba yenye jiko jipya la nyasi. Amwambie mgeni anashukuru kwa kuni. Aulize mbuzi wake aliyevimba mguu anaendeleaje na alimtibu kwa dawa gani. Na aulize, kama hana neno, kwa nini asubuhi ile alimpita njiani bila kumwamkia. Hilo la mwisho alilisema akitazama pembeni. Nikaona hayupo tena kwenye kupima. Lilikuwa linamwuma.

Editha alikwenda. Tulikaa. Ndipo aliponieleza maisha yake kidogo, kwa sababu nilimwuliza ilikuwaje mtu akafanya kazi ya namna hii. Alikuwa mwalimu wa kawaida huko Usangi. Mwaka mmoja aliandika juu ya msichana wa darasa lake kwamba hafundishiki, msichana akarudishwa nyumbani. Baadaye akamkuta sokoni. Yule msichana alikuwa anasema na Wapare kwa Kipare, na Wasambaa kwa Kisambaa, na watu wa barabarani kwa Kiswahili, akiruka kutoka lugha hadi lugha bila kuvuta pumzi. Akamwamkia mwalimu wake kwa heshima, wala hakumlaumu. Bi. Tumsifu alisema bora angemlaumu. Akaanza kuomba asomeshwe namna ya kuwajua watoto. Aliporudi na kuomba kazi ya kuzunguka shuleni, maofisini walimcheka, wakasema shule zina upungufu wa chaki, yeye anataka kuchungulia vichwa. Mwishowe wakampa sanduku hilo la kadi, zilizotoka mbali, wakamwambia ajaribu. Hakuna mwingine anayemfahamu mwenye kazi hiyo upande wetu huu. Akikosea hana wa kumwuliza.

"Leo nimekuuliza wewe," akasema.

Editha alirudi na kikapu kichwani. Alisimama mbele ya Bi. Tumsifu, akainama, akaanza kwa Kiswahili, bila kusita. Ma Eustadia anasema karibu, na kuni zipo nyingine. Mbuzi ana nafuu, aliwekewa majivu ya moto na majani fulani, akayataja, na ametia mengine kwenye kikapu ili mgeni ayaone. Kisha akapanga maneno.

"Na anasema leo hakukuamkia kwa sababu jana ulimtembelea, akakupa uji, ukasema umeshiba. Hukuonja. Hajui alikukosea nini."

Bi. Tumsifu alivua miwani yake. Alisema alikuwa ameshiba kweli, kwao Usangi ukishiba unasema. Nikamwambia hapa unaonja, hata tone, ukiwa umeshiba mpaka shingoni. Akasimama palepale, akavuka chemchemi, Editha mbele yake kama mkalimani. Sikwenda. Niliwaona kwa mbali, watatu wamekaa, na Bi. Tumsifu ameinua kibuyu kwa mikono miwili.

Waliporudi akaandika barua. Kabla ya kuifunga alinisomea. Ilisema Editha anafundishika, tena anakumbuka maneno ya watu kuliko yeye mwandishi. Halafu ilimwomba Mwalimu Anatoli jambo moja: kabla ya kumwondoa, amwulize mtoto kitu ambacho yeye mwalimu hakijui, na angoje jibu.

Kurudi

Tulifika Nkwenda usiku wa manane, Ma Leokadia akatulaza tena. Nilimwambia ushauri wake umetuponza, akacheka, akasema lakini mtoto amekaa na adabu. Ijumaa alfajiri Sadiki alipita kama alivyosema. Lori tupu linaruka, barabara imekauka, tuliimba njia nzima. Kaisho akatushusha, tukaanza kukimbia. Mimi kukimbia! Kila kilima nilikaa nikahema, na Editha akawa ananiambia, "Bibi, jua bado lipo," ilhali jua lilikuwa linakwenda.

Bugomora, uwanjani

Wazazi walikuwa wameshakaa kwenye nyasi. Mwalimu Anatoli amesimama na daftari la majina, anamalizia. Nilisikia jina la mtoto wa Yustina, la wale mapacha wa Kalisti, kisha akafunga daftari. Nikapita katikati ya watu na vumbi langu lote, nikampa barua.

Aliisoma. Akairudia. Wengi wenu mlikuwapo, mlimwona anavyoikunja, lakini mlikuwa mbali, hamkusikia. Aliniambia polepole, "Mama, nimwulize nisichokijua? Mwalimu anaulizaje asichokijua?"

Nilikuwa nimetumia yote niliyokuwa nayo kufika pale. Akamtazama Editha. Nilimwona anatafuta kweli, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni. Watu wakaanza kunong'ona, mwalimu msaidizi akakohoa.

Kisha Mwalimu Anatoli akachutama, macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Editha," akasema. "Kwa nini hunijibu?"

Mimi nilidhani nalijua jibu. Nilikuwa nimemweleza Bi. Tumsifu vizuri sana, habari ya ng'ombe, habari ya kutegwa. Nikajishika nisimjibie. Editha alitazama miguu yake. Mwalimu akangoja. Alingoja kupita pale ambapo huwa anakata tamaa.

"Siku ya kwanza nilikujibu," Editha akasema. "Uliniuliza jina langu. Nikakuambia. Ukawageukia wenzangu ukawauliza, 'Ni kweli?'"

Baadaye Mwalimu Anatoli aliniambia kwamba siku zile za kuandikisha, watoto wengine walikuwa wanataja majina ya nyumbani na wengine ya ubatizo, kwa hiyo kila mmoja alimwulizia kwa wenzake, ili daftari liwe sawa. Lakini hayo hakumwambia Editha. Alikaa amechutama vilevile, barua mkononi.

"Nikaona hunisadiki," Editha akasema.

Mwalimu akalifungua daftari juu ya goti lake. Akatoa kalamu mfukoni mwa shati.

"Unaitwa nani?"

"Editha."

Hakumgeukia mtu. Akaandika.